Jibu la Mtani Wangu

Mimi ni Mzaramo, na sioni haya kusema kwamba nina mdomo. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani, huyu mtoto mkiona amenyamaza mpimeni homa. Nilipomaliza masomo ya unesi nikapangiwa Tabora, na miaka ile ya Ujamaa hukupangiwa mahali ukaanza kununa. Ulipewa waranti ya treni, ukaambiwa wananchi wanakusubiri, ukaenda. Nikashuka Tabora na sanduku la bati, doti mbili za kanga na huo mdomo wangu.

Nikapanga chumba Isevya kwa bibi mmoja mjane, mtu wa mjini hasa, fundi wa kushona kofia za viua. Aliniuliza kabila langu kabla hata sijatua sanduku. Nilipomwambia akaweka sindano yake chini, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya ushungi. Akasema maskini mjukuu wangu, umejileta mwenyewe kwa watani zako.

Asiyeijua habari hii nimweleze kidogo. Babu zao Wanyamwezi walibeba pembe na mizigo ya matajiri kwa miguu, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, na huko pwani walipita kwetu. Walilala vibarazani mwetu, wakaugua mikononi mwetu, wengine tukawazika wenyewe. Magomvi yalikuwepo, tena makubwa, lakini mwisho yakageuka utani. Ndiyo maana mpaka leo Mnyamwezi anaweza kuingia kwangu akanitukana, akakamata kuku akaondoka naye, nami sina ruhusa ya kukasirika. Na siku nikifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya vituko katikati ya kilio mpaka wafiwa wacheke bila kutaka. Nami kwake hivyo hivyo. Mtani kazi yake msibani si kulia.

Kazi yangu mimi ilikuwa kifua kikuu. Kila baada ya wiki mbili gari la hospitali lilitupeleka kwenye gereza moja la shamba, mbali na mji. Silitaji, maana waliokuwapo pale leo wana wajukuu. Wafungwa walilima tumbaku. Tulipanga meza kwenye baraza la ghala, wao wakapanga mstari, na kila mmoja nikamuuliza maswali manne: Unakohoa tangu lini? Unatoka jasho usiku? Unatema damu? Na la nne, ambalo daktari wetu alilishikilia kuliko yote: Unavuta bange, na unavuta na nani?

Hakuwa mbea yule daktari. Bange pale ilivutwa ndani ya bani, ile nyumba ya udongo isiyo na dirisha ambamo tumbaku hukaushwa. Siku ambazo moto haujawashwa, watu saba wanane walijifungia humo, kiko kimoja kikazunguka, na harufu ya tumbaku ikafunika harufu ya bange, askari hajui hili wala lile. Kila aliyevuta alikohoa mpaka machozi yakamtoka, uso kwa uso na mwenzake, hewa ile ile. Akiwemo mmoja mwenye kifua kikuu, basi amewagawia wote. Na ubaya wenyewe ni kwamba kikohozi cha bange na kikohozi cha ugonjwa ukivisikia kwa nje huvitofautishi. Pale kila mtu alikohoa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Sasa niambie, mfungwa gani atajibu swali la nne? Kukubali bange mbele ya askari ni kujiongezea adhabu kwa ulimi wako mwenyewe. Miezi yangu ya kwanza pale wote walikuwa malaika. Sivuti, sista. Sijawahi, sista. Hata harufu yake siijui, sista. Nikarudi mjini na kadi safi, na hasira zimenijaa mpaka hapa.

Siku moja uvumilivu ukaniishia. Akaja mbele yangu mfungwa mmoja mrefu, mwembamba, wa upande wa Bukene, ambaye kazi yake ilikuwa kuchochea moto wa bani. Macho mekundu, nguo inanuka moshi wenyewe hasa, na ananiambia hajawahi kuiona bange tangu azaliwe. Nikatupa kalamu mezani. Nikamwambia muongo mkubwa we, babu yako alivuta kutoka hapa mpaka Bagamoyo, akatuibia kuku njia nzima, leo wewe mjukuu wake bange huijui?

Yule mtu akanitazama, akainamisha kichwa upande, akauliza taratibu mimi mtu wa wapi. Nikamjibu Mzaramo. Weee! Kicheko kilichotoka pale kiliwatoa askari kwenye kivuli. Yule bwana akapiga makofi, akasema kumbe mla mihogo, tena umetunyima salamu siku zote hizi. Kisha, akicheka vile vile, akanimwagia kila kitu: anavuta tangu lini, wanavuta wangapi, nani anakaa karibu na mlango. Askari wenyewe walikuwa watu wa huko huko, Wanyamwezi na Wasukuma. Walijua anachoambiwa mtani hakimfungi mtu. Wakageuza nyuso zao wakatazama mashamba.

Kuanzia siku ile mstari wangu ukawa mahali pa vicheko. Yeye nilimwita Mbeba Mizigo, yeye akaniita Mla Mihogo. Nikimaliza na wenzake alikuwa akibaki kidogo kunichokoza. Aliniambia chakula cha kwao ni michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, nikamjibu kwamba hizo kwetu ni soli za viatu. Majina sikuyaandika. Kwenye kadi ya kila mvutaji niliweka nukta ndogo pembeni, mengine nikayaweka kichwani. Bwana Jela aliniita siku moja akataka orodha. Nikamwambia afande, siku nikikupa majina hakuna atakayefungua mdomo tena, na kikohozi kitafika mpaka kwenye nyumba za askari wako. Alikoroga chai yake muda mrefu, kisha akaniambia niendelee na kazi. Alikuwa mtu wa haki, sitamsingizia.

Mbeba Mizigo alifungwa miaka mitatu kwa gunia la bange, akamwacha mkewe na mtoto wa kike mchanga wa miezi. Habari za mtoto alizipata kwa barua alizosomewa na nyapara. Ikija barua, wiki hiyo wote tuliisikia. Mtoto ameota jino. Mtoto anatembea. Mtoto ameanza kusema baba, lakini anamwambia mbuzi. Hilo la mbuzi alilirudia mara nyingi, anacheka, kisha anaangalia mikono yake. Alikuwa anahesabu wiki za kutoka, na sisi sote tulikuwa tunamhesabia.

Zilipobaki wiki mbili ndipo nilipofanya kosa langu. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mstari mrefu, kila mtu anataka kucheka apate joto. Alipofika mezani alikuwa amepungua, niliona, lakini nani pale alikuwa mnene? Nikamuuliza swali la tatu kama ninavyomuuliza kila mtu. Mbeba Mizigo, unatema damu?

"Damu?" akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Natema ndoo nzima, mtani. Mwezi huu nakufa. Njoo na kaniki yako, na kilio cha Kizaramo, wenzangu hawajakisikia."

Watu wakaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka kuwashinda. Nikamjibu kwamba nitakuja, tena sitaondoka bila kuku wawili na mkeka wake. Akaitikia kwamba kuku chukua, mkeka niachie nilalie huko niendako. Wakacheka tena. Nikashika kalamu, nikaandika kwenye kadi yake: hana damu. Nikamwita anayefuata.

Sasa huko kwetu, na huko kwao, watani hutaniana kwa kifo kila siku. Ningemwambia mtani wangu habari za jua angenijibu kwa kaburi. Najitetea? Ndiyo, najitetea, na kujitetea huku hakujanisaidia hata siku moja.

Akafunguliwa. Mimi siku hiyo sikuwepo. Wiki tatu baadaye mzee mmoja kati ya wale wavutaji wa bani, mtu mpole aliyekuwa akisuka vikapu, akaja mezani akikohoa vibaya. Nikampa kikopo cha makohozi, na tulipotazama kwenye hadubini mjini, vile vijidudu vilijaa. Niliporudi kumchukua kumpeleka wodini nikakaa naye nyuma ya gari, nikamuuliza anadhani aliupata wapi. Akashangaa kwamba nauliza. Akasema kwa mwenzake wa Bukene, si alikuwa anatema damu tangu kiangazi kilichopita.

Nikamwambia mbona hakusema.

"Si alikwambia?" akasema yule mzee. "Sote tulikuwapo. Alikwambia mezani."

Hakunilaumu. Alikuwa ananikumbusha tu, jinsi unavyomkumbusha mtu kikapu alichokisahau. Nikaitafuta kadi ya mtani wangu kwenye sanduku la kadi, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe: hana damu. Mtu anatema damu, tena nimemruhusu kwenda kulala chumba kimoja na mtoto wa miaka mitatu.

Daktari akasema tutaandika barua kwa wilaya. Nikamwambia barua itatembea mwezi, mimi natembea kesho. Akaniambia nina kiburi, nikakubali, akasaini ruhusa yangu. Bibi wa Isevya alinifungia vitumbua kwenye kitambaa, na nilipomsimulia kilichotokea hakusema pole wala nini. Akaniambia nikamlete, na mtoto nimlete, nyumba yake ina chumba cha uani hakina mtu.

Nikapanda treni ya Mwanza, nikateremka Bukene jua likiwa limepanda. Kadi yangu ilikuwa na jina la kitongoji, ng'ambo ya mto mkavu. Nikatembea saa nzima na begi la sindano begani, nikakifikia. Nikakuta kuta tu. Paa zimeondolewa, milango imeondolewa, mbuzi mmoja amesimama juu ya kinu kilichovunjika. Nikakaa chini nikalia kwa hasira. Kadi ilikuwa na umri wa miaka mitatu, na katika miaka hiyo watu wote walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya. Gerezani hakuna aliyebadilisha anwani, hata mimi niliyejidai najua kuuliza.

Kijiji kipya kilikuwa upande wa pili wa reli, nyumba zimepangwa mistari, zote zinafanana. Balozi wa nyumba kumi alinipokea, nikamwamkia shikamoo, akanitazama viatu vilivyojaa vumbi, akanipa maji kwanza ndipo akaniuliza shida. Akanipeleka mwenyewe.

Alikuwa amekaa nje, ameegemea ukuta, amejifunga blanketi saa saba ya mchana. Mashavu yameingia ndani. Kifuani pake alilala mtoto wa kike, mdomo wazi, amemkumbatia baba yake shingo, pumzi zao zinakutana. Mkewe alikuwa anakata viazi pembeni, anaanika vipande juani. Akanikaribisha kwa magoti, kisha akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba mtoto ndiyo kwanza amemzoea baba yake. Siku za mwanzo alimkimbia, alimwita mgeni. Juzi tu ndiyo amekubali kulala kwake, na sasa hataki kutoka.

"Mla Mihogo," yeye akasema, sauti imekauka, "umefuata kuku wako?"

Nilipiga magoti mbele yake.

"Nilikuuliza damu," nikasema.

"Nikakujibu."

"Nilidhani ni utani."

Akamtazama mtoto, akamwondoa nzi usoni. "Utani ulikuwa utani," akasema. "Na damu nayo ilikuwepo. Ningekwambia vipi tena, mtani, mbele ya watu wote wale? Nilijua nikisema kwa uso mkavu nitalazwa, na mwanangu huyu nitamkuta ameolewa. Nikaona nikuachie wewe. Ukinisikia, nitibiwe. Usiponisikia, niende nyumbani."

Sijawahi kuambiwa neno lililonikata kama lile. Mtu alikuwa amenikabidhi maisha yake kwa njia pekee aliyoiona kuwa salama, nami nikacheka nikamwita anayefuata. Nilimwambia nisamehe. Akasema mtani haombwi msamaha, anatozwa faini, na faini yangu ni kumtoa mtoto yule pale alipo kwa sababu yeye hawezi.

Ndiyo, alikuwa anajua. Tangu mtoto aanze kumpanda kifuani alikuwa anajua, na kila asubuhi alijiambia leo namshusha, akashindwa. Basi nilimtoa mimi. Nilimbandua mikono shingoni kidole kimoja kimoja. Akaamka, akaona uso asioujua, akapiga kelele akinyoosha mikono: baba, baba. Alimwita yeye, si mbuzi. Yule bwana mrefu akajifunika blanketi kichwa kizima na mabega yakaanza kutikisika, na mkewe akabaki ameshika kisu hajui acheke au alie.

Tukarudi wote wanne kwa treni ya kesho yake. Nilimkalisha Mbeba Mizigo dirishani, dirisha wazi, na bibi mmoja akalalamika vumbi linaingia kwenye chakula chake. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Mtoto alikaa upande wangu wa pili, kanipa mgongo, amenichukia njia nzima, nami sikumlaumu.

Baba akalazwa. Sindano kila siku kwa miezi miwili, matako yake yakawa magumu mpaka akasema tafuta nyundo. Mtoto tulimpima, naye ameanza kupata, ugonjwa ndiyo kwanza unaingia. Tukamwanzishia vidonge, vinavyosagwa na kutiwa kwenye uji wa asali. Yeye na mama yake walikaa kwa bibi Isevya, chumba cha uani. Kila jioni kabla jua halijazama niliwapeleka hospitali, mtoto akasimama nje ya dirisha la wodi juu ya tofali, baba akakaa kitandani ndani. Mwanzo walitazamana tu. Kisha baba akaanza kulia kama mbuzi, meee, na mtoto akamjibu meee. Wiki nzima mazungumzo yao yalikuwa hayo, na wodi yote ikajua mbuzi. Bibi alimshonea mtoto kofia ndogo ya viua, ya kiume, akasema hana mfano wa kike na macho yake hayana nguvu ya kujifunza.

Yule mzee wa vikapu hakupona. Alikuwa amechelewa, na aliyemchelewesha ni mimi. Alizikwa na wafungwa wenzake, jamaa zake walikuwa mbali. Naye alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mtani pale. Wote waligeuka kunitazama, wananisubiri. Nikafanya kazi yangu. Nilisimama mbele ya kaburi nikadai kiko chake, nikasema haondoki mtu mpaka nionyeshwe kilipofichwa, na kwamba huko aendako asiwaambukize marehemu wa Kizaramo, vifua vyao ni dhaifu. Wakacheka, Bwana Jela naye akacheka. Kisha nikaenda nyuma ya gari nikauma kanga nikalia.

Baada ya hapo nikabadilisha kazi yangu. Utani sikuuacha, maana bila utani hakuna aliyefungua mdomo. Lakini nilijiwekea amri: anachosema mtu kwa kucheka naandika kama alivyokisema. Akisema anatema ndoo, naandika damu, namkabidhi kikopo. Akisema amekufa juzi, namwita nyuma ya ghala, peke yake, hakuna askari hakuna mwenzake, namuuliza tena polepole. Wenzangu waliona nimechanganyikiwa, nalijaza gari vikopo vya bure. Vingi kweli vilikuwa vya watu wasioumwa. Vingine vilikuwa vya wagonjwa, na hao tuliwawahi.

Mbeba Mizigo alitoka hospitali, akarudi Bukene, na kwa mwaka mzima alikuja Tabora kila mwezi kuchukua vidonge, vyake na vya mtoto. Kila safari alileta michembe. Kila safari nilimwambia peleka soli zako kwa fundi viatu, na bibi akaipika akala peke yake. Bange aliniambia ameacha. Sijui. Sikumuuliza mara ya pili, na labda ilinipasa.

Miaka ikapita. Nikamleta mama yangu kutoka pwani aishi nami, na masika moja, akiwa Isevya, akafariki. Barabara zilikuwa hazipitiki, treni imekwama, nikamzika ugenini, mbali na mama zake wote. Watu walijaa. Bibi, macho yake sasa hayaoni, alishika mkono wangu siku mbili. Mimi nilikuwa nimenyamaza, na waliokuwa wananijua waliogopa.

Siku ya tatu nikasikia kelele mlangoni. Mtu anadai kwamba Wazaramo wamemficha mgonjwa wake na hataondoka bila faini. Akaingia, mrefu vile vile, mnene kidogo, nyuma yake msichana wa miaka kama kumi amebeba bakuli kubwa lililofunikwa. Akavua viatu, akachukua kanga ya mama yangu ukutani, akajifunga, akajilaza kwenye mkeka wake katikati ya wanawake, akaanza kuagiza maji ya kuoga kwa sauti ya bibi kizee. Akatulaumu kwamba mihogo ya leo haijaiva. Nyumba nzima ikalipuka. Bibi alicheka mpaka akakohoa, nami nikajisikia midomo inafunguka yenyewe.

Mchana watu walipopungua akaja kukaa karibu yangu, kanga bado kiunoni. Akaniuliza kama nimekula.

"Nimekula ng'ombe mzima," nikamjibu, "na pembe zake."

Wanawake waliobaki wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama, kisha akamwita binti yake alete bakuli, akalifunua mwenyewe mbele yangu. Michembe, imechemshwa, na karanga juu.

"Hajala siku tatu," akamwambia binti yake. "Mnawishe mikono."

Nikamuuliza nani amemwambia.

"Si wewe umeniambia?" akasema.

Yule msichana niliyembandua vidole shingoni mwa baba yake akaninawisha mikono, akaniwekea kipande cha kwanza kiganjani. Nikakila. Nikala na cha pili. Nililia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mama afe, na mtani wangu akakaa pale anangoja, mpaka nikamaliza bakuli.